Mchongaji wa Saa Sita

Katika kambi ya Hamadela, kwenye uwanda wa chumvi wa Waafar, Kadafo alikuwa na cheo ambacho hakuna aliyempa na hakuna aliyeweza kumvua: kazi yake ilikuwa kuwachekesha wakata chumvi, wapende wasipende. Alikitumikia cheo hicho kwa bidii. Ndiye aliyefunga mkia wa ngamia kwenye shuka ya mzee aliyesinzia, ngamia akaondoka na shuka, mzee akabaki na heshima yake tu. Ndiye aliyetia chumvi kwenye kopo la sukari la Momina, muuza chai, kisha akaketi mbele kabisa kuangalia nyuso za wanywaji. Alipobanwa alijitetea kwa uso wa majonzi, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, kwamba katika nchi iliyojengwa juu ya chumvi, sukari ndiyo iliyokuwa mgeni.

Kuna jambo moja tu ambalo Kadafo hakulifanyia utani, wala hakuna Mwafar anayelifanyia, nalo ni dagu. Wawili wakikutana njiani, hata kama mmoja ana haraka ya kuzikwa, huketi chini na kupeana habari. Umeona nini? Umesikia nini? Mvua imenyesha wapi, nani kazaliwa, nani kafa, na kafa kwa nini. Na hakuna kudanganya. Aliyeiba hulipa mbuzi, aliyemwaga damu hulipa ngamia, lakini aliyetia uongo kwenye dagu hana cha kulipa kinachotosha, kwa sababu kila aliyeisikia habari yake ameshaibeba kwenda kisima kingine, na huko watu wamehamisha watoto na mifugo kwa kuiamini.

Kadafo alitia uongo kwenye dagu mara moja tu maishani. Ulimtosha.

Ilikuwa mwaka uliotangulia. Alikuwa akikata chumvi, mbali kidogo na wengine, na binamu yake mkubwa, Aydahis, mume wa Momina, mtu wa maneno machache ambaye mtego wowote wa Kadafo aliuangalia tu kama mtu anayeangalia mvua ya nchi nyingine. Hilo lilimsumbua sana Kadafo. Msanii huwaza zaidi juu ya mtazamaji mmoja asiyecheka kuliko mia waliolala chini kwa kucheka.

Sasa wakata chumvi wana kiburi chao. Anayeshika kiriba chake cha maji kabla ngamia wa kwanza hajapakiwa huitwa mtoto wa kunyonya mpaka msimu uishe. Siku hiyo, saa mbili asubuhi, Aydahis akiwa amempa mgongo, Kadafo alikichukua kiriba cha binamu yake na kukifukia chini ya vifusi vya chumvi. Mpango ulikuwa mwepesi. Binamu angeona kiu, angelazimika kuomba, naye Kadafo angeuliza, "Maji? Maji ndiyo kitu gani?" kisha angewasimulia wakata chumvi wa mstari mzima.

Saa tatu ikapita. Saa nne, Aydahis aligeuka akatazama pale kiriba kilipokuwa. Akamtazama Kadafo. Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa ameelewa kila kitu. Tangu hapo yakawa mashindano: huyu hataomba, yule hatatoa.

"Binamu," alisema Aydahis ilipofika saa tano, "kichwa kinaniuma."

"Wapi?"

"Hapa. Kama kuna mtu ndani ana shoka."

"Ah, huyo!" Kadafo alisema papo hapo, bila hata kufikiri. "Huyo ni Mchongaji. Mkata chumvi wa zamani. Chumvi imemwishia, siku hizi anachonga vichwa."

Na Aydahis akacheka. Kicheko kikavu, kisicho na mate, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza ambacho Kadafo aliwahi kukipata kwake. Alikifurahia sana.

Baada ya hapo Aydahis alichonga mabamba matatu ya chumvi, yote ya mshazari. Kadafo akamuuliza kama anachonga bamba au yai. Aydahis aliiweka tezo yake ya kuchongea chini taratibu, makali yakitazama upande usio na watu, kama inavyotakiwa, akajilaza ubavu. Kadafo akasubiri kidogo, kwa sababu mtu wa utani akiona utani huutambua, na huu ulikuwa mzuri. Alisubiri muda gani? Swali hilo alijiuliza kila siku mwaka mzima. Alipofika mbio na kiriba, maji yaliingia upande mmoja wa mdomo wa binamu yake na kutokea upande wa pili.

Msafara ulipofika kupakia, kiriba kilikuwa kando ya kichwa cha marehemu, bado kina maji tele. Kadafo mwenyewe ndiye aliyekiweka pale.

Datto, kiongozi wa msafara, aliketi chini. "Umeona nini?"

"Nimeona kifo."

"Kimemkuta kwa njia gani?"

"Kichwa. Kilimuuma, akalala."

"Kiu?" Datto alikiinua kile kiriba, akakitikisa. "Hapana. Mtu hafi kwa kiu maji yakiwa kwenye sikio lake. Sasa kilichomuua ni nini?"

Kadafo alifungua kinywa ili aseme ukweli. Kilichotoka ni Mchongaji.

"Ana shoka," alisema. "Huingia kichwani saa tano, na saa sita anamaliza."

"Mbona wewe hakukugusa?"

"Mimi nilikuwa sijanywa maji. Marehemu alikunywa asubuhi. Kile kitu kinanusa maji."

Alilisema kwa ule uso wake wa majonzi, uso bora kuliko zote alizokuwa nazo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya uso ule hakuna hata mmoja aliyecheka.

Hazikupita siku kumi, habari ikaanza kurudi. Ilirudi kutoka kwenye visima ambavyo Kadafo hajawahi kuviona, na kila ilipopita ilikuwa imeongezwa kitu. Mchongaji alipata kilemba chekundu. Akapata mguu mbovu. Mwezi wa pili akaoa. Datto mwenyewe alimletea habari kwa uaminifu wote: huko milimani mwanamke mmoja amemsikia akinoa shoka. Na Kadafo ilibidi aketi, aupokee uongo wake mwenyewe ukiwa umevaa nguo mpya, na kuitikia "Hee!" pale panapostahili.

Kambini ikawa sheria. Hakuna aliyetia tone mdomoni tangu alfajiri mpaka jua lipinduke. Viriba vilikwenda kazini vimejaa na kukaa vimejaa, vimepangwa kando kama wageni waheshimiwa. Ikifika saa tano vichwa vyote vilikuwa vinagonga. Watu wakavifunga kwa kamba za ngamia, wakazikaza kwa kijiti mpaka macho yakatoka, na ungeutazama mstari ungeona wanaume wazima waliofungwa vichwa kama mizigo inayosubiri kupakiwa. Mmoja alichomwa chuma cha moto kwenye kipaji cha uso. Mwingine alirudi malishoni asionekane tena. Kadiri vichwa vilivyouma ndivyo walivyoogopa, na kadiri walivyoogopa ndivyo walivyozidi kukauka. Jua likipinduka walikunywa, wakakaa kidogo, na vichwa vikalegea.

"Ameondoka," walisema. "Amemaliza zamu yake."

Hakuna aliyesema neno juu ya maji. Kadafo alilipata jibu kila siku, akalikalia kila siku, kama mwanafunzi anayejua jibu na kuificha mikono chini ya dawati.

Mwanzoni yeye alikunywa kwa siri, asubuhi, nyuma ya punda, akafanya kazi mchana kutwa kichwa kikiwa chepesi. Watu wakanong'ona kwamba Mchongaji hamgusi Kadafo. Wakaanza kumheshimu, na hiyo ilikuwa adhabu ambayo hakuwa amejiandaa nayo. Halafu asubuhi moja aliinua kibuyu, akakumbuka maji yakitokea upande wa pili wa mdomo wa binamu yake, akakishusha. Kuanzia siku hiyo akakaa na kiu kama wenzake.

Saa tano, tok.

Kadafo aliacha kuchonga. Tok, nyuma ya jicho la kushoto. Alijua kabisa kwamba Mchongaji hayupo. Yeye ndiye aliyemtengeneza, alikumbuka mpaka maneno yenyewe na mahali aliposimama. Lakini shoka halikuuliza nani alilitengeneza. Liligonga kwa mpangilio, bila haraka, kama mfanyakazi mzuri.

Na pamoja na shoka akaja Aydahis.

Saa sita uwanda ule wa chumvi hugeuka maji yasiyo maji, mazigazi yanayotetemeka mpaka upeo, na watu wakija kutoka mbali hutokeza kwanza vichwa na mabega, kisha viuno, miguu ikaja mwisho kabisa. Kila saa sita alitokea mmoja ambaye miguu yake haikuja. Alisogea mpaka umbali wa kurusha jiwe, akachuchumaa bila miguu ya kuchuchumalia, na kusubiri, kama anavyosubiri mtu yeyote aliyekukuta njiani.

"Umeona nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Sauti ilikuwa ileile ya mtu asiyecheka ovyo.

Kutojibu swali hilo ni aibu kubwa. Kadafo aliinama akachonga. Kesho yake Aydahis alichuchumaa karibu zaidi, kiasi cha upana wa bamba moja. Keshokutwa, bamba jingine. Kadafo hakuwa hodari wa hesabu, lakini hii aliiweza bila kutaka.

Ndipo aliposhuka Humed.

Humed alikuwa mdogo wake Aydahis, kijana wa malishoni, kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Alikuja kuichukua tezo ya kaka yake na nafasi yake kazini, na kwa sababu kila mtu alimwambia Kadafo ndiye aliyekuwa na marehemu mpaka mwisho, akamchagua Kadafo awe mwenzake. Alimpenda kweli. Alimwita "mzee wa vituko" na kumdai vichekesho ambavyo Kadafo hakuwa navyo tena.

"Kesho tunakata kule alikofia kaka," Humed alitangaza asubuhi moja wakiwa kwenye kibanda cha mikeka cha Momina, kwenye ukingo wa chumvi. Kwa kuwa jua lilikuwa limeshachomoza, mbele yao palikuwa na mkate tu. Birika lilikuwa jikoni likisubiri alasiri. "Ganda la pale halijaguswa mwaka mzima. Nene kama godoro."

"Shemeji, pale pana mwenyewe," alisema Momina.

"Ndiye ninayemtaka. Nina maneno naye."

"Una maneno na kila mtu. Huyo hasikilizi." Momina alifuta mikono yenye masizi kwenye nguo yake, akamgeukia Kadafo. "Na wewe, umenyamaza? Mwambie. Wewe ndiye uliyemwona."

"Nitakuwa naye," Kadafo alisema.

"Hata na mume wangu ulikuwa naye." Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliingia mpaka ndani. "Siku hizi hata sukari yangu huigusi. Naionja kila asubuhi nikidhani umerudi. Mrudishe huyu, Kadafo. Mmoja nimeshamwacha pale."

Kesho yake wakaenda. Siku hiyo uliamka ule upepo wa moto, unaokausha shuka mwilini kabla hujajua kwamba ilikuwa na jasho. Kutoka pale walipokata, watu wa mstari walionekana kama nukta, na kibanda cha Momina kama nukta yenye kivuli. Viriba viwili viliegemezwa pamoja, vimejaa. Kadafo hakuweza kuvitazama.

Saa tatu Humed aliimba. Saa nne alimtukana Mchongaji na ukoo wake, akamwalika aje na shoka lake na la jirani. Saa tano akanyamaza.

"Amekuja," alisema.

"Kaa kidogo."

"Nikae? Atasema namwogopa." Akajifunga kamba kichwani, akazungusha kijiti. "Kaza hapo nyuma. Kaza! Una mikono ya bibi harusi?"

Kadafo alikaza. Ngozi ya shingo ya Humed ilikuwa kavu, haina hata tone, na ya moto kama jiwe la kuokea mkate. Kichwani kwake mwenyewe shoka lilikuwa limeshaanza. Ng'ambo kidogo Aydahis alikuwa amechuchumaa, karibu kuliko siku zote, mabamba sita au saba tu.

Humed alichonga bamba la mshazari. Akachonga la pili, la mshazari.

"Humed, kunywa maji."

"Nini?"

"Kunywa. Kidogo tu."

"Una wazimu? Saa hizi?" Humed alimtolea macho mekundu. "Habari uliileta wewe mwenyewe. Kaka alikunywa asubuhi, akafa. Ulisema kwenye dagu."

"Nilisema."

"Sasa ulidanganya?" Akacheka, kwa maana hakuna kichekesho kikubwa zaidi ambacho mtu angeweza kukisema mahali pale. Kicheko kilikuwa kikavu. Kadafo alikitambua.

Alijaribu njia nyingine. Alilowesha kitambaa, akakitupia shingoni kwa Humed kana kwamba ni mchezo. Humed alikirusha mbali kwa hofu ya kweli na kufuta shingo kwa chumvi. Alijaribu utani: Mchongaji leo yuko likizo, amempeleka mkewe kwa wakwe. Humed hakusikia. Alikuwa anachonga bamba la tatu, na tezo ilikuwa inapiga hewa mara mbili kwa kila mara moja iliyopiga chumvi. Kisha aliiweka chini taratibu, makali yakitazama upande usio na watu. Akajilaza ubavu.

"Umeona nini?" aliuliza Aydahis.

Safari hii Kadafo hakusubiri. Alikimbia akachukua kiriba, akakifungua, akamwinua Humed kichwa. Humed akafunga mdomo. Meno yake yalikuwa yameumana, na kwa nguvu zilizobaki aliusukuma mkono wa Kadafo, maji yakamwagika, chumvi ikayanywa. Humed angekufa akiyakataa, kwa sababu mtu aliyemwamini alimwambia ayakatae.

Kwenye kiuno cha Humed palikuwa na jambia lake. Kadafo alilitazama mara moja. Kisha aliketi mbele yake, akakunja miguu kama inavyopasa.

"Humed," alisema, "nina habari. Nakupa dagu."

Macho yalifunguka. Mwili uliokuwa umekataa maji haukuweza kukataa hilo. Midomo iliyopasuka ilisogea, na neno likatoka kama limevutwa kwa kamba kutoka chini ya kisima.

"Umeona… nini?"

"Nimeona kaka yako akifa kwa kiu. Hakunywa asubuhi. Hakunywa kabisa. Maji yake niliyaficha mimi, ili aniombe, nicheke. Hakuomba. Kichwa kikamuuma, nikamwambia ni Mchongaji. Nilikuwa natania. Hakuna Mchongaji. Kiriba nilikirudisha mimi alipokwisha kufa. Habari yote niliyompa Datto ni ya uongo. Kichwa chako kinauma kwa sababu umekauka, na mwaka mzima vichwa vya watu wote vinauma kwa sababu wamekauka, na nimekuwa nikijua. Hiyo ndiyo habari. Sina nyingine."

Humed alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema.

Kadafo hakujua anataka nini, maji au jambia lililokuwa limelaliwa na ubavu wake. Akampa kiriba.

Funda la kwanza Humed alilitapika. La pili likakaa. Kadafo alisimamisha mti wa kung'olea chumvi, akatundika shuka yake kuwa kivuli, akabaki nje juani, akitazama koo la yule kijana likipanda na kushuka. Kila funda lilikuwa shahidi dhidi yake. Kichwa kikipoa, basi yote aliyoyasema ni kweli, na yeye ni muuaji wa binamu yake na mwongo wa dagu. Kisipopoa, Humed atakufa. Hakuwahi kuomba kwa bidii namna ile jambo ambalo lingemmaliza.

"Polepole," alisema. "Kidogo kidogo."

"Nyamaza."

Jua lilipanda mpaka likawa katikati, vivuli vikaingia chini ya vitu vyake. Saa sita yenyewe. Humed alipeleka mkono nyuma ya kichwa, akachomoa kijiti. Kamba ikalegea. Akaitoa, akaishika mkononi, akatega sikio kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Kimepungua," alisema. Na baadaye, "Kiko mbali." Na baadaye sana, akiwa ameketi kwa nguvu zake mwenyewe, "Ni saa sita hii."

"Ndiyo."

"Nimekunywa, na saa sita iko utosini, na kinaacha."

"Ndiyo."

Humed aliweka mkono kwenye jambia. "Ningekuwa na nguvu ningekuua."

"Ngoja kidogo, zinarudi," Kadafo alisema. Lilimponyoka tu, kwa mazoea ya miaka mingi, na mara tu lilipotoka alitamani kulirudisha. Uso wa Humed ulifanya kitu ambacho hakikuwa kicheko wala kilio. Mkono ukaachia jambia.

"Mwenye haki ya kwanza si mimi," alisema. Akamsukumia kiriba. "Kunywa."

"Sistahili."

"Nani amekuuliza kama unastahili? Kunywa. Hutafika mbele ya mke wa kaka yangu ukasema kichwa kilikuuma, ukasahau kipande."

Kadafo alikunywa. Yalikuwa ya vuguvugu, yana harufu ya ngozi ya mbuzi, na yalishuka yakiuma. Humed alisubiri mpaka amalize, kama mtu anayemsimamia mgonjwa mbishi. Kisha akang'oa ule mti wa kivuli, akauegemea, na kuanza kutembea kuelekea mstarini, hatua fupi fupi, bila kugeuka.

Kadafo alimwona anakuwa mdogo, anapoteza miguu, kisha kiuno, kisha anafika. Aliona nukta zikiacha kazi na kuja kumzunguka. Aliona zikiketi. Hakusikia kitu, ila alijua kila neno na mahali pake. Ilichukua muda mrefu. Kisha mmoja akainuka akaenda kwenye viriba. Akasimama na chake mkononi, wote wakimtazama, jua likiwa bado halijapinduka. Akakiinua. Baada yake akainuka wa pili, na wa tatu, na wengine wakawa wanafungua kamba vichwani mwao na kuzitupa chini.

Hakuna aliyetazama upande wa Kadafo.

Shoka lilinyamaza kichwani mwake. Alijigusa nyuma ya jicho la kushoto, akasubiri, halikurudi. Kichwa kilikuwa chepesi na baridi kama cha mtu aliyelala vizuri. Basi ni maji tu, alijisemea, yote yalikuwa kiu, na akainua macho ili auone uwanda ukiwa mtupu.

Aydahis alikuwa palepale. Sasa alikuwa na miguu.

Nukta moja iliachana na zile nyingine kwenye ukingo wa chumvi. Ilikuja moja kwa moja, haikukimbia. Upande wa kaskazini palikuwa wazi, punda alikuwa karibu, na kiriba cha pili kilikuwa kimejaa. Mtu mwenye maji angefika mbali kabla ya jioni. Kadafo alikitazama kile kiriba. Kisha aliketi chini, akakunja miguu.

Momina alifika akiwa na masizi mikononi. Hakuwa amelia, au upepo ulikuwa umeshayakausha machozi. Alimtazama Kadafo, akatazama mabamba matatu ya mshazari, akatazama mahali penyewe, ambapo hakuna aliyewahi kumwonyesha. Akaketi. Aliketi kidogo pembeni, akaacha nafasi kando yake, upana wa mtu mmoja, na hakuonekana kujua kwamba ameiacha. Nayo haikuwa tupu.

"Umeona nini?" aliuliza.

Kadafo alivuta pumzi.

"Saa mbili asubuhi nilikichukua kiriba chake," alisema, "na nilikuwa nacheka."